Pilato Alivyooshwa Ijumaa

Watu wakiniuliza nilijuaje kwamba mbwa wangu anakufa kwa sumu wala si kwa kichaa, natamani kuwajibu kwamba nilitumia akili. Uongo mtupu. Nilijua kwa sababu mimi ndiye niliyemtia hiyo sumu, kwa mikono yangu hii miwili, Ijumaa saa kumi za jioni, nikifukuzana na jua lisizame.

Ilikuwa Septemba 1997, mwezi mmoja hivi kabla ya ile mvua ya El Nino. Mimi Bathsheba, Mkisii wa Ogembo, nilikuwa nauza ndizi Migori, na nilipanga chumba nyuma ya soko. Mume wangu Ondieki alikuwa fundi wa injini za boti huko Homa Bay, anakuja nyumbani mara moja kwa mwezi. Binti yetu Liz alikuwa shule ya bweni. Miaka miwili kabla ya hapo nilimwomba Ondieki kabati la vyombo. Akaja na kikapu, na ndani ya kikapu kuna mtoto wa mbwa aliyemtoa bonde la Lambwe. "Mlinzi wako huyo," akasema, huku akicheka. Nilinuna siku mbili nzima.

Sikuwa mtu wa mbwa. Kwetu mbwa ni wa nje na chakula chake ni makombo, basi. Lakini huyu alikuwa na kituko chake. Ukiweka karai la maji, anakuja anatumbukiza miguu ya mbele, mmoja, halafu wa pili, kisha anakwenda kukaa kivulini na kuilamba mpaka ing'ae. Nikamwita Pilato, kwa ule mchezo wake wa kunawa, kama yule liwali wa Biblia aliyenawa mikono kabla Yesu hajasulubiwa. Miaka miwili baadaye, Pilato ndiye aliyekuwa akiniamkia asubuhi na kunipokea jioni, na habari za soko alikuwa akizisikia yeye kabla ya Ondieki. Nilikuwa nampenda, ila sikuwa nimemwambia mtu yeyote.

Sasa sikiliza kilichoniponza. Kwetu sisi Wasabato siku inaanza jua likizama, kwa hiyo Ijumaa ndiyo siku ya maandalio. Unapika cha kesho, unateka maji, unaosha nyumba, nguo, vyombo na watoto, na jua likishazama hugusi kazi tena. Jioni hiyo tunakutana kwa mmoja wetu, kwa zamu, tunaifungua Sabato kwa wimbo na maombi. Na kanisani kwetu kulikuwa na shemasi mmoja, Dada Marcella, mjane mwenye duka la vitambaa. Huyo mama, Ijumaa saa nane duka limefungwa na mapipa ya maji yamejaa mpaka juu. Ukimkuta anafagia saa kumi na mbili, ujue dunia imefika mwisho.

Mwezi wa Julai zamu ilikuwa kwangu. Katikati ya maombi nikafumbua jicho moja, nikaona kupe anatembea kwenye gauni jeupe la Dada Marcella, amenona kama punje ya maharagwe. Naye alimwona. Akamtoa kwa vidole viwili, akamnyanyua nimwone vizuri, akamtupa nje. Hakusema neno. Angenigombeza ningepona, lakini ule ukimya wake nililala nao na kuamka nao miezi miwili.

Kwa hiyo zamu iliporudi Septemba, nikaapa kwamba safari hii kupe haingii kwangu. Nikaenda kwa jirani yangu Gichana, Mkuria mwenye ng'ombe watatu, ambaye sisi wote tulimwita Baba Sammy kwa jina la mwanawe mdogo. Alikuwa na dawa ya kuoshea ng'ombe, ameiweka kwenye chupa ya soda isiyo na karatasi wala maandishi.

"Kifuniko kimoja kwa mtungi mzima wa lita ishirini," akaniambia. "Na ni ya ng'ombe hiyo, Mama Liz."

"Kupe ni kupe," nikamjibu, nikaondoka na chupa yangu.

Nilirudi nyumbani nikatazama jua, nikatazama sakafu ambayo sijapiga deki, na nikaona lita ishirini ni maji mengi ya kumpa mbwa siku ya maandalio. Nikachukua karai dogo. Nikatia kifuniko kimoja, maji yakawa meupe kama maziwa. Nikasema, ikiwa kimoja kinaua kupe polepole, vitano vitawaua leo leo. Haraka haraka haina baraka, hilo nalijua tangu utotoni, lakini nilikuwa namwona Dada Marcella na vidole vyake viwili. Nikamsugua Pilato kwa mikono mitupu, kutoka masikioni hadi mkiani, na sikumsuuza. Akaenda kivulini, akakaa kuilamba miguu yake ya mbele kama kawaida. Nilimwona. Hata nikacheka, nikarudi kwenye deki yangu.

Haikupita saa moja. Nilikuwa napanga viti nikamwona amesimama mlangoni, mate yanamtiririka bila kukatika. Nikadhani ni kiu. Mara yakawa povu. Akatapika, akaharisha papo hapo kwenye sakafu yangu safi, na kabla sijafungua mdomo nimkemee, miguu ya nyuma ikamlegea akaketi. Ngozi ya mapajani ilikuwa inarukaruka yenyewe. Kifua kilikuwa kinakoroma.

Nikafanya yale tuliyozoea kufanya mtu akila kibaya: nikatafuta maziwa. Nikamwinua kichwa nikammiminia kikombe kizima. Yakampalia, yakatoka kwa pua, akakohoa mpaka nikadhani roho inatoka hapo hapo. Nikajiambia, mwache apumzike, kesho baada ya kanisa nitamtafuta daktari. Kesho! Ndivyo nilivyosema, na mbwa hawezi hata kusimama.

Sammy, yule mtoto wa jirani, ndiye aliyepiga kelele. Alikuwa amekuja kucheza naye. Baba yake akatokea mbio na rungu mkononi, akamsukuma mtoto nyuma.

"Mama Liz, toka hapo. Hicho ni kichaa cha mbwa."

"Baba Sammy, ngoja kwanza."

"Ningoje nini? Ndugu yangu Nyamhanga aliumwa na mbwa mwenye povu hivi hivi. Tulimfunga kamba kitandani, Mama Liz. Alikuwa anaogopa kikombe cha maji. Mwanamume mzima! Nilimzika mwenyewe." Akaliinua rungu. "Nina mtoto hapa. Sitangoja."

Hakuwa mtu mbaya, alikuwa ameona mambo. Na hapa ndipo ninapojionea haya mpaka leo, kwa sababu moyoni mwangu kitu kilisema: mwache ampige. Kikiwa kichaa, hakuna lawama. Ondieki nitamwambia mbwa alishikwa na kichaa, atasikitika, yataisha. Wageni watakuta nyumba safi. Hakuna atakayejua kuhusu vifuniko vitano. Neno "sawa" lilikuwa limefika kwenye ulimi, nakuapia, na mimi siapi ovyo.

Lakini mdomo wangu mwenyewe ulikuwa umejaa mate. Nikameza, yakajaa tena. Nikatazama kalenda ukutani, tarehe zimefifia kama nimevaa miwani ya mtu mwingine. Nikainusa mikono yangu, inanuka ile dawa. Nikainama nikamtazama Pilato machoni. Kile kiini cheusi cha jicho kilikuwa kimesinyaa, kimebaki kitundu kidogo kama cha sindano. Naye akaniona. Alikuwa hawezi kuinua kichwa, lakini mkia ukapiga sakafu mara moja, kama anavyofanya nikitoka sokoni. Machozi yakanitoka.

"Baba Sammy, si kichaa," nikasema. "Ni mimi. Ni ile dawa yako. Nilitia vifuniko vitano kwenye karai."

"Vitano?"

"Vitano. Na sikumsuuza. Na ameilamba."

"We mama! Hata fahali angeanguka!" Lakini rungu hakuliweka chini. "Nitajuaje kwamba humtetei tu? Sikia. Mtoto nimemfungia ndani, na mimi nasimama hapa mlangoni. Jua likigusa paa la kinu cha kusagia posho na hujarudi na daktari, namaliza. Usinichukie."

Nilikimbia bila viatu. Nilipita katikati ya soko, wenzangu wa ndizi wananiita, "Bathsheba, kuna nini?" na mimi sina pumzi ya kujibu. Karibu na kituo cha petroli kulikuwa na duka la dawa za mifugo la daktari Japheth, Mjaluo mpole aliyefanya kazi miaka mingi Lambwe, akitibu ng'ombe waliougua kwa kuumwa na mbung'o. Nikamkuta ameshika kufuli.

"Daktari, mbwa wangu. Nilimwosha na dawa ya kupe. Kidogo tu."

"Kidogo ni kiasi gani, mama?"

"Kifuniko... vifuniko viwili."

Akanitazama mikono, akanitazama macho. "Mama, mimi si pasta wako. Nataka nimtibu mbwa. Ni vingapi?"

"Vitano."

"Yaye!" Tayari alikuwa anafungua mkoba. "Anatoka mate? Anatetemeka? Anapumua vipi?"

"Anakoroma. Nilitaka nimwache apumzike mpaka kesho."

"Kesho hungehitaji daktari, ungehitaji jembe. Mnyama akitoka mate bila kukoma, akatetemeka, akashindwa kusimama au kupumua, hapo hakuna kesho. Kuna sasa. Panda."

Nikapanda keria ya baiskeli yake. Mke wa mtu, bila viatu, nimemshika Mjaluo kiuno Ijumaa jioni mbele ya soko zima! Walikuwa na la kuongea wiki mbili. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye jua, na jua lilikuwa limeshuka nyuma ya paa la kinu.

Tulipoingia uani, Gichana alikuwa mlangoni, rungu ameliegemea kwa mikono miwili. Pilato alikuwa bado anakoroma.

"Jua limepita," akasema bila kunitazama. "Nimeliona. Nimeinua mkono mara mbili. Lakini huyu mbwa kila nikisogea anatikisa mkia."

Japheth akainusa ile chupa ya soda, akavaa glavu, akamfunua Pilato jicho, akamwekea sikio kifuani. Kisha akavuta dawa kwenye bomba la sindano na kumchoma.

"Kichaa hakiji kwa saa moja baada ya kuoga," akamwambia Gichana. "Lakini hujakosea kuogopa, baba. Mbwa mwenye povu usimshike kwa mikono mitupu. Tutamfunga siku kumi, maana mwenye kichaa hazifikishi, na wewe utakuwa unakuja kumwangalia kwa macho yako. Umeridhika?"

Gichana akaitikia kwa kichwa. Halafu akachukua ile chupa yake, akaishika kana kwamba ndiyo kwanza anaiona.

"Mama," Japheth akaniambia, "sindano inapigana na sumu iliyo ndani. Lakini manyoya yamejaa dawa, na inaendelea kuingia. Aoshwe kwa sabuni na maji mengi, asuuzwe, arudiwe tena, mara tatu. Sasa hivi. Funga mikono yako kwa mifuko ya plastiki, na ukimaliza na wewe uoge vizuri. Kifua kikikubana, nenda hospitali usiulize mtu."

Maji! Nilikuwa nimemaliza yote kwenye sakafu. Ulibaki mtungi mmoja, nao nusu. Japheth akambeba Pilato hadi uani, nikapiga magoti, nikafunga mifuko mikononi, nikaanza na hiyo nusu. Na hapo hapo nikasikia geti.

Walikuwa wanane, wote wamevaa vizuri, Biblia kwapani. Mbele yao Dada Marcella kwa gauni lake jeupe, na pembeni yake mzee wa kanisa Nyamweya ameshika kitabu cha nyimbo. Jua lilikuwa limezama. Sabato ilikuwa imeingia, na mimi niko chini kwenye matope, kitambaa kimenivuka kichwani, naosha mbwa.

Sijui nguvu nilizitoa wapi. Labda ni hasira, maana ninayo ya kutosha.

"Dada Marcella, Sabato imeingia na mimi nafanya kazi," nikasema. "Na nitaendelea. Nilimtia mbwa wangu sumu kwa sababu ya kuwaogopa ninyi, na kama ninyi mnataka kuimba, imbeni, mimi sisimami mpaka awe safi!"

Nyamweya akakohoa. Dada Marcella akanitazama, akamtazama Pilato, akaitazama ile chupa mkononi mwa Gichana.

"Ni kwa ajili ya yule kupe?" akauliza.

"Ni yule yule."

Nikawaza, basi, nimeshafukuzwa ushirika. Nikamiminia Pilato kopo la mwisho la maji, likaisha na povu bado limejaa mgongoni.

Dada Marcella akampa Nyamweya Biblia yake. Akainama akavua viatu vyake vyeupe, akavipanga ukutani, kimoja kando ya kingine. "Mzee," akasema, "nyumbani kwangu kuna mapipa mawili ya maji. Chukueni mitungi, mlete yote."

"Dada, ni Sabato," mtu mmoja akanong'ona nyuma.

"Najua ni siku gani. Bwana wetu aliuliza kuhusu ng'ombe aliyetumbukia kisimani siku ya Sabato, na wale waliokuwepo walikosa la kujibu. Wewe unalo?" Hakusubiri. "Daktari, nipe mimi pia hiyo mifuko."

Akapiga magoti mbele yangu, kwenye matope yale yale. Gauni! Nilitaka kumwambia kuhusu gauni, nikashindwa, nikabaki nalia tu. Gichana alikwenda mbio na mitungi miwili, na kina Nyamweya nyuma yake. Dada Marcella alishika miguu na mimi nikashika kichwa, tukamwosha kwa sabuni ya kipande mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mtu akaanzisha wimbo wa kufungua Sabato kwa sauti ya chini, wengine wakaudaka huku wamebeba maji. Dada Marcella naye aliimba, povu limemfika kwenye viwiko.

Mara ya tatu ilipoisha, Japheth akamfunua Pilato mdomo. "Mate yanapungua," akasema. Akamsikiliza kifua muda mrefu, akamchoma sindano ya pili. "Dawa imemfikia. Siwezi kuwaahidi, lakini nimeona waliorudi kutoka mbali zaidi."

"Basi tuombe," akasema Dada Marcella, bado amepiga magoti. Tukainamisha vichwa. Akaomba kwa sauti ileile nzito anayoombea wagonjwa wa kanisa, "Ee Baba, mkono wako umponye huyu..." Akasita. "Bathsheba, anaitwa nani?"

"Pilato," nikasema.

Nyamweya akakohoa tena.

"Ee Baba," Dada Marcella akaendelea bila kutikisika, "mponye Pilato." Na hapo kuna mtu alishindwa kujizuia, akacheka, nasi sote tukafuata, mpaka Japheth mwenyewe. Ndiyo Sabato pekee niliyowahi kuifungua kwa kicheko.

Asubuhi nilimkuta amelala palepale nilipomlaza, kwenye gunia mlangoni. Niliogopa kumgusa. Nikaweka karai la maji safi karibu na pua yake, nikakaa chini nikangoja. Akafungua macho. Vile viini vyeusi vilikuwa vimerudi ukubwa wake. Akajikokota, akaweka mguu mmoja wa mbele ndani ya karai. Wa pili ulimshinda. Nikauchukua mimi mwenyewe nikamtumbukizia, nikalia mpaka majirani wakaja kuangalia ni msiba gani.

Gichana alikuja siku kumi, kila asubuhi, kama tulivyopatana. Siku tatu za kwanza alikuja na rungu. Ya nne alilisahau. Ya kumi alikuja na Sammy na mfupa wa ng'ombe, na ile chupa ya soda hatukuiona tena. Alikuwa amenunua kwa Japheth dawa ya kwenye chupa yake, yenye maandishi, akaifungia juu ya kabati. Ondieki alipokuja nilimweleza yote, hata lile neno "sawa" lililokuwa limefika ulimini. Akaenda kukaa kwenye gunia la Pilato.

Mwezi wa Novemba zamu ya ibada ikarudi kwangu. Niliosha nyumba, nikapika, nikateka maji, na Pilato sikumgusa. Jioni katikati ya maombi nikafumbua jicho moja, nimezoea vibaya. Pilato alikuwa amelala chini ya kiti cha Dada Marcella, kichwa juu ya kiatu chake cheupe. Na kwenye mkono wa gauni lake kupe alikuwa anapanda.

Dada Marcella alifumbua macho, akamwona. Akamtoa kwa vidole viwili, akamweka sakafuni, akamponda kwa kisigino cha kile kiatu kingine, polepole, asimwamshe mbwa. Kisha akanisogelea sikioni.

"Usithubutu kumwosha," akaninong'oneza, akafumba macho, tukaendelea kuomba.